UZI: Marumaru, kinywe na lile tanuru lililoko chini ya miguu yetu (nani kasema mawe hayana habari na hewa ukaa?)

MtotoWaUlanga (mtoa mada)

Wakuu habari za jioni. Huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu sitanuna.

Juzi kwenye mjadala wa biashara ya hewa ukaa kuna mkuu mmoja akasema kaboni iko kwenye miti, udongo na bahari, mawe ni mawe tu. Nilitaka kumjibu palepale nikaona nitaharibu mada ya watu. Mimi nimezaliwa Mahenge, Morogoro, nimesoma jiolojia, nimepiga vibarua vya kubeba sampuli mpaka mabega yakaota sugu, kwa hiyo mtu akidharau mawe nachukulia kama kanitukania ukoo.

Ukifika Mahenge ukauliza kuna nini, wazee watakwambia marumaru, vijana wa madini watakwambia spineli (kito cha thamani), na siku hizi kila mtu anakwambia kinywe (grafiti) maana dunia inataka betri. Sasa angalieni, marumaru na kinywe vyote viwili vimebeba kaboni, na viko milima ileile, kuna mahali unatembea kidogo tu unatoka kwenye jeupe unaingia kwenye jeusi linalochafua vidole kama penseli. Jeupe lilianza kama tope la chokaa chini ya bahari. Jeusi lilianza kama tope lenye uozo wa viumbe wadogo wadogo. Na nasema wadogo kwa makusudi, hapo hata konokono alikuwa hajazaliwa duniani, tunaongelea zaidi ya miaka milioni 600 nyuma.

Kilichotokea ni kwamba mabara yakagongana. Ndio huo wanauita Ukanda wa Msumbiji, unapita Kenya, unashuka Tanzania, Pare, Usambara, Uluguru, Mahenge, unaenda zake Msumbiji. Bahari ikafungwa, tope lake likasukumwa chini kilometa 30 hadi 40, joto likapanda mpaka kama digrii 800. Chokaa ikawa marumaru, uozo ukawa kinywe, udongo ukawa yale mawe ya nisi yenye mistari mistari. Shuleni tuliambiwa hii ndio miamba geu, wengine mnaita metamofiki, ni kitu kilekile.

Swali langu kwenu: wakati haya mawe yanapikwa, kaboni yote iliyokuwemo ilitulia tu au kuna iliyotoroka? Na kama ilitoroka ilienda wapi?

Maana hesabu yake siyo ndogo. Hewani leo kuna kaboni kama tani bilioni 900. Kwenye mawe ya chokaa na ndugu zake ni zaidi ya tani bilioni milioni 60. Nimeandika vizuri, bilioni zidisha kwa milioni 60. Kwa hiyo mawe yakikohoa kidogo tu angani lazima isikike.

Naendelea, naenda kula kwanza.

---

KijikoChaShaba

Nimekaa paleee na kahawa yangu. Mtoa mada usitukimbie, kuna watu hapa wanaanzisha uzi halafu wanapotea wiki mbili.

---

BintiMakunduchi

Salaam. Mie sijasoma jiolojia lakini chokaa naijua, marehemu babu alikuwa na tanuu. Mnapanga magogo duara, la mnazi na lolote mlopata, juu mnapanga mawe ya matumbawe, mnatia moto unawaka usiku kucha na zaidi. Asubuhi jiwe ukilinyanyua ni jepesi! Tukiwa watoto tukilishangaa hilo, jiwe ni lilelile ukubwa ule ule lakini uzito umekwenda. Babu akisema moto umekula roho ya jiwe. Halafu unalimwagia maji linachemka lenyewe linapasuka linakuwa unga, na ole wako likurukie machoni.

Sasa ndugu yangu hiyo roho iliyoliwa ndiyo hewa ukaa?

---

MtotoWaUlanga

Dada Makunduchi umenifanyia kazi yangu yote, babu alikuwa sahihi kabisa. Jiwe la chokaa safi la kilo 100 ukilichoma sawasawa unabaki na kilo 56. Zile 44 ndio roho, ni hewa ukaa imetoka ikapanda na moshi. Karibu nusu ya jiwe ni gesi iliyofungwa! Na ukuta wa chokaa ukikauka miaka na miaka unaivuta ile hewa tena kutoka nje ndio maana unakuwa mgumu, yaani nyumba za Mji Mkongwe zimerudisha sehemu ya roho ya mawe yake.

Sasa chini ya milima kuna tanuu kama la babu ila bila magogo, moto wake ni joto la dunia. Lakini kuna tofauti mbili ambazo ndio mchezo mzima ulipo.

Ya kwanza, chokaa ikiwa safi kabisa inagoma. Juu hapa inataka karibu digrii 900 ndio itoe, na kule chini kuna mgandamizo wa milima mizima kwa hiyo inagoma zaidi. Ndio maana marumaru ya Morogoro bado ipo, ilipigwa digrii 800 na ikabaki na hewa yake tumboni. Marumaru safi ni bahili. Anayetema ni ile chafu, iliyochanganyika na mchanga wa kwatzi au udongo. Kwatzi ikikutana na chokaa kwenye joto wanaungana wanatengeneza madini mengine, mojawapo linaitwa wolastonaiti, na katika kuungana huko hewa ukaa inafukuzwa nje haina pa kukaa. Hiyo inaweza kuanza hata kwenye digrii 600 na kitu kama jiwe haliko kina kirefu sana. Kwa hiyo ukitaka kujua mlima ulitoa hewa kiasi gani usiangalie zile marumaru nyeupe za kujengea benki, angalia yale mawe mabaya mabaya ya kijani na kahawia pembeni yake ambayo wachimbaji wanayatupa. Hayo ndio yalilipa.

Ya pili ni maji. Hewa ikijaa pale kwenye jiwe inazuia nyingine isitoke, kama soda iliyofungwa kizibo, ukiiangalia imetulia kama haina gesi. Maji ya moto yakipita kwenye nyufa yanaibeba ile hewa yanaondoka nayo, hapo kizibo kimefunguka na jiwe linaendelea kutoa. Kwa hiyo mawe mawili yanayofanana, joto moja, kina kimoja, moja limepitiwa na maji limetoa kila kitu, lingine kavu limebaki na mali yake. Mimi hili lilinichukua muda kulielewa, nilikuwa nadhani ni joto tu.

---

MwanaapoloMstaafu

Mkuu kwenye kinywe hapo umenikumbusha mbali. Nimekaa Mererani miaka kumi na moja. Watu wanaona picha za tanzanite ya bluu wanadhani kule chini kunang'aa, chini ni weusi mtupu, ukitoka shimoni huoni mtu unaona macho na meno, lile jeusi linaingia mpaka kwenye sabuni. Unaoga ndoo tatu maji bado kijivu. Tulikuwa tunasema tunatafuta jiwe ndani ya penseli.

Tuliambiwa ukiona kinywe kingi ujue uko njia nzuri. Hii ina ukweli au ni imani za wanaapolo, sisi wachimbaji?

---

MtotoWaUlanga

Mzee wangu shikamoo. Ina ukweli kiasi chake. Rangi ya tanzanite inatokana na metali iitwayo vanadi, na vanadi hupenda kukusanyika kwenye tope jeusi lenye uozo wa viumbe. Tope hilohilo likipikwa linatoa kinywe. Kwa hiyo mlikuwa mnafuata njia sahihi bila kupewa sababu, kama mnavyofanyaga siku zote.

Na kwa upande wa hewa ukaa kinywe ni hadithi ya kufurahisha. Mmea au kijidudu kinavuta hewa ukaa, kinakufa, kama hakijaoza chote kinazikwa kwenye tope, kule chini kinapikwa, maji yanatoka, gesi zinatoka, inabaki kaboni tupu iliyojipanga vitabaka vitabaka. Ikishafika hapo kuirudisha angani ni kazi kweli. Kuna kinywe kimeshuka kilometa 30, kimepanda tena, kimekaa juu ya kilima kinanyeshewa, na bado ni kinywe. Marumaru ukiitia tindikali inatoa povu, kinywe unakiangalia kinakuangalia.

---

MbishiRasmi

Naomba kupinga kidogo kabla hamjajaa upepo.

Hewa ukaa inayotoka Bonde la Ufa siyo ya marumaru wala kinywe chenu, ni ya manto, yaani tabaka lililoko chini ya ganda la dunia. Ol Doinyo Lengai pale inatapika lava ya kabonati yenyewe, ndiyo volkano pekee hai duniani inayofanya hivyo, lava nyeusi kama oili chafu, joto lake digrii 500 hadi 600 tu, ikikaa siku chache ikapata unyevu inageuka nyeupe. Wamepima isotopu, yaani uwiano wa kaboni nzito na nyepesi, inahesabiwa kwa elfu dhidi ya kipimo maalumu. Kaboni ya manto inakaa kama hasi 5 mpaka hasi 8, ya chokaa ya bahari karibu na sifuri, ya viumbe hasi 20 na kushuka chini. Gesi za Lengai zinaangukia kwenye manto. Mjadala umefungwa.

---

KijikoChaShaba

Haya sasa. Ugomvi wa wasomi, raha yetu.

---

MtotoWaUlanga

Mkuu Mbishi kwa Lengai nakubali bila ubishi, ile ni manto na sijasema vinginevyo. Ila hapo kwenye "mjadala umefungwa" ngoja nikuoneshe tundu. Chukua hewa ya marumaru sehemu tatu yenye sifuri, changanya na hewa ya uozo sehemu moja yenye hasi 25. Piga wastani. Unapata hasi 6 na robo. Imekaa katikati ya namba zako za manto na haijawahi hata kuonana na manto! Kwa hiyo isotopu za kaboni peke yake haziwezi kukwambia, ndio maana wenye akili wanapima na heliamu, maana heliamu ya manto ina sahihi yake tofauti na ile inayozalishwa kwenye ganda na urani na thoriamu. Ukikuta kaboni inasema manto na heliamu inasema manto basi umeshinda. Ukikuta kaboni inasema manto heliamu inasema ganda, rudi ukafikirie.

Na hapo kwenye maziwa ya Natron na Magadi ndio watafiti wamefanya kazi nzuri. Mwaka 2016 ilitoka tafiti, walipita wanapima gesi inayotoka ardhini kimya kimya, siyo kwenye kreta, kwenye udongo wa kawaida kandokando ya nyufa za bonde. Wakapata kama tani milioni 4 kwa mwaka kwa bonde la Magadi na Natron tu. Wakajaribu kukadiria mkono wote wa mashariki wa Bonde la Ufa wakasema tani milioni 71, na hapo wenyewe wameweka ongeza au punguza milioni 33 kwa hiyo msiishike kama Msahafu. Nyingi wameisema ni ya kina kirefu, manto na ganda la chini. Baadaye wengine waliopima Ethiopia wakapata kiasi kidogo kuliko makadirio ya namna hiyo, maana gesi hii haitoki sawa kila sehemu, inafuata nyufa, hatua ishirini pembeni hakuna kitu.

Mimi kile kifaa nimewahi kukibeba, siyo na hao, ilikuwa safari ya mafunzo. Ni kama sufuria umeifudikiza chini, ina bomba linapeleka hewa kwenye kisoma gesi halafu inarudi. Unakandamiza kingo kwenye udongo upepo usipite, unakaa unatazama namba. Sehemu ya kawaida namba inapanda pole pole unaweza kusinzia. Tukafika kwenye ufa mmoja, kwa macho huoni chochote, nyasi kavu na mavi ya ng'ombe, kuweka sufuria namba zikapaa mpaka kifaa kikagoma kusoma. Mwenzangu akainama kunusa, tukamvuta shati. Haina harufu hata ungenusa.

---

Msee_wa_Naivasha

Wadau, hiyo gesi mnaongelea hapa Kenya watu wanaiuza kitambo. Pale Kereita, Kiambu, inatoka kwa visima, inasafishwa inaenda kwa soda. So ile burp yako ya soda inaweza kuwa imetoka chini ya Bonde la Ufa, hehe. Kuna siku nilimwambia mamangu hivyo akaniambia nikapimwe.

---

MtotoWaUlanga

Hata kwetu Tukuyu, Kyejo huko, ipo inachimbwa. Mwambie mama ulikuwa na akili zako timamu.

---

Furaha_wa_Goma

Jambo kwenu wote. Mie niko Goma. Ile gaz musiifanyie mchezo, huku kwetu tunaita mazuku. Iko nzito kuliko hewa, inalala kwa mashimo na kwa mabonde madogo, asubuhi unakuta mbuzi amekufa hana hata kidonda, ndege pia. Watoto wanafundishwa usishuke pale, kama mtu ameanguka ndani usikimbie kumuinua na wewe, utalala pembeni yake. Kwa Ziwa Kivu nako chini ya maji iko nyingi sana, kilometa za ujazo kama 300 za hewa ukaa na 60 za methani. Upande wa Rwanda wanavuta ile methani wanafanya umeme.

Swali langu: hii ya kwetu inatoka kwa mawe yaliyopikwa ama kwa volkano?

---

MtotoWaUlanga

Ndugu Furaha asante na mjitunze sana. Ya kwenu kwa sehemu kubwa ni ya volkano, Nyiragongo na Nyamulagira ziko jirani na magma yake (mawe yaliyoyeyuka) inatoka manto ikiwa na gesi. Ziwa Nyos la Kameruni lilipotapika hewa ukaa mwaka 1986 watu kama 1,700 walikufa usiku mmoja, nayo ilikuwa ya asili ya magma. Nakubaliana na Mbishi kwenye kitu kimoja, Afrika Mashariki ya leo volkano ndio inaongoza, marumaru zetu zilishafanya kazi yake zamani zile mabara yanagongana.

Anayetaka kuona tanuru la mawe likiwa linawaka leo aende Himalaya. India inagonga Asia miaka milioni 50 sasa, tope la bahari iliyokuwa katikati limezikwa linapikwa kama la kwetu lilivyopikwa. Nepal kuna chemchemi za moto kwenye mabonde ya mito, maji yake yamejaa hewa ukaa, na asili yake wamesema ni miamba geu ya kule chini, hakuna volkano ya kusingizia. Tetemeko kubwa la mwaka 2015 lilipopita baadhi ya chemchemi zile zilibadilika, gesi ikatoka sehemu ambazo haikuwa ikitoka. Kizibo cha soda kile nilichosema, tetemeko ndio kifunguo.

---

BilSaidMuscat

Assalaam alaykum jamaa. Nafuatilia toka Muscat, sie wa Unguja tulorudi huku. Nyie mnaongea mawe yanayotoa hewa, mie nikuleteeni mawe yanayokula hewa.

Huku Oman milima ile ya rangi ya kahawia iliyoiva, ukiendesha kuelekea ndani unaiona pande zote mbili, ile siyo ganda la dunia ni manto yenyewe ilopandishwa juu na kuachwa wazi. Peridotaiti. Jiwe lile halijazowea hewa wala maji ya juu, basi maji ya mvua yakiingia kwenye nyufa linageuka, linakuwa serpentini, kijani linateleza kama ngozi ya nyoka, na hewa ukaa iliyomo majini inagandishwa humo humo inakuwa mishipa myeupe. Mwaka 2008 watafiti Kelemen na Matter walikisia milima hii inakula baina ya tani 10,000 na 100,000 kila mwaka, bila ya mtu kugusa kitu. Na ajabu walivyopima umri wa ile mishipa, watu wakidhani ya mamilioni ya miaka, wastani wake umetoka kiasi cha miaka 26,000. Ya juzi! Yaani jiwe lingali linakula.

Wadi zake kuna vidimbwi vya buluu, maji makali yanakata kama sabuni, juu yake utando mweupe mwembamba kama wa maziwa yaliyopoa. Ukiuvunja kwa kidole unarudi. Ule utando ndio hewa ukaa imegeuka jiwe mbele ya macho yako.

---

MtotoWaUlanga

Wa alaykum salaam shehe, huo utando nimeuonea wivu sijawahi kuuona. Na hilo la serpentini ni umetamofiki halali kabisa, watu wanasahau kwamba miamba geu siyo lazima ipikwe sana, kuna inayogeuka kwa kunywa maji tu. Huko huko Oman si ndio kuna ile kampuni ya 44.01 wanasukuma hewa ukaa kwenye jiwe hilo igande, walipata tuzo ya mazingira ya Earthshot 2022. Aisilandi nao wanafanya kwenye basalti, jiwe la volkano, walitia hewa ukaa mwaka 2012 na zaidi ya asilimia 95 ikawa jiwe ndani ya miaka miwili. Mimi ningedhani karne.

---

DalaliWaKaboni

Subirini subirini. Kwa hiyo mnaniambia Mahenge nzima ni kaboni iliyohifadhiwa? Si tunaenda kuandikisha kijiji tunauza hewa ukaa ya marumaru jamani? Miti inaungua, marumaru haiungui!!

---

BintiMakunduchi

Haiungui? Hujasoma habari ya babu yangu.

---

MtotoWaUlanga

Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Dalali, wanunuzi wanalipia kaboni ambayo bila hela yao ingetoka au isingeingia. Marumaru imekaa pale miaka milioni 600 bila kuomba senti, nani atakulipa? Labda uwatishie kwamba utaichoma.

Na niweke uwiano hapa kabla mtu hajachukua uzi huu kwenda kusema "kumbe volkano ndio zinachafua hewa". Binadamu kwa kuchoma mafuta, makaa na gesi anatoa zaidi ya tani bilioni 35 za hewa ukaa kwa mwaka. Bonde la Ufa la mashariki ni ile milioni 71 ya kukadiria. Yaani mtu ana shilingi 1000, bonde lina shilingi 2. Nguvu ya mawe ni muda, yanatoa shilingi zake mbili kila siku kwa miaka milioni kadhaa bila likizo wala mgomo.

---

MwalimuMstaafuIringa

Swali la kizee. Kama hilo tanuru linatoa hewa mamilioni ya miaka bila kuacha, mbona hatujapikwa kama sayari ya Zuhura?

---

MtotoWaUlanga

Mwalimu shikamoo, hili swali ndilo nililokuwa nalingoja kutoka mwanzo.

Twende Uluguru. Mlima ule ni granulaiti na nisi, mawe yaleyale yaliyopikwa chini na kupandishwa juu. Mvua ikinyesha pale, na inanyesha kweli, inashuka imebeba hewa ukaa kidogo, kwa hiyo ni tindikali nyepesi. Ikipita kwenye udongo inapata nyingine kutoka kwenye mizizi. Inakula jiwe. Ule udongo mwekundu unaoteleza mpaka pikipiki inalala ndio mabaki ya jiwe lililoliwa. Kilicholiwa, kalisi na magnesi pamoja na ile hewa ukaa iliyogeuka bikaboneti, kinateremka na Mto Ruvu mpaka baharini pale Bagamoyo. Baharini matumbawe na makome yanakichukua yanajenga miili yao. Ndio jiwe la babu wa Makunduchi! Siku moja huko mbele, bahari hii ikifungwa, jiwe hilo litashuka chini, litapikwa na mchanga, litatoa hewa, tunaanza upya. Mkemia Harold Urey aliandika kanuni ya mzunguko huu miaka ya 1950, kwa fomula fupi ambayo ukiisoma kushoto kwenda kulia ni mvua inakula jiwe na ukiisoma kulia kwenda kushoto ni tanuru.

Dunia ikipata joto mvua inaongezeka, mawe yanaliwa haraka, hewa ukaa inapungua. Ikipoa yanaliwa taratibu, hewa ya tanuru inajirundika inapasha tena. Zuhura haina mvua ya kula mawe, kila kitu kimebaki angani.

---

MbishiRasmi

Rekebisho: hiyo inafanya kazi kwa mawe ya silikati tu, kama hiyo nisi. Mvua ikila marumaru inachukua hewa ukaa moja, halafu bahari ikijenga kome inaitoa palepale. Faida sifuri.

---

MtotoWaUlanga

Sahihi kabisa, nimekubali, nilipaswa kusema. Kwa hiyo nisi mbaya mbaya ya Uluguru inafanya kazi kuliko marumaru nzuri ya Mahenge. Leo mawe mabaya yameshinda kila raundi.

---

Msee_wa_Naivasha

Na haijawahi kuenda vibaya? Kama ni mzunguko mzuri hivyo.

---

MtotoWaUlanga

Imeenda vibaya vibaya sana kaka. Mzunguko huu ni wa polepole, unahesabu kwa malaki ya miaka, ukiujaza ghafla haukimbii. Miaka milioni 252 iliyopita kule Siberia magma ilijipenyeza katikati ya matabaka ya chokaa, chumvi na makaa ya mawe, kama mtu kachomeka pasi ya moto katikati ya vitabu. Mawe yakapikwa pembeni pembeni mwa ile magma, siyo kwa mamilioni ya miaka ya mlima kujijenga, haraka, na gesi ikapasua njia mpaka juu. Yale mabomba iliyopitia bado yanaonekana. Viumbe wengi wa baharini waliokuwepo wakafutika, hakuna kutoweka kukubwa kama kule. Magma yenyewe ilichangia, lakini wanaoifuatilia wanasema mawe iliyoyapika ndio yalifanya iwe balaa. Ingepita kwenye granaiti tupu pengine tusingeisikia.

Anayetaka kujaribu nyumbani: chukua ndimu, kamulia kwenye jiwe la marumaru, tega sikio karibu. Linalotoa povu lina hewa bado ndani.

---

KijikoChaShaba

Nimejaribu sebuleni kwangu, marumaru nimeweka mwaka jana kwa gharama. Nimekamua ndimu nzima. Kimya. Umenipotezea ndimu.

---

MtotoWaUlanga

Mkuu hivyo ni vigae vya kiwandani, udongo uliochomwa. Tunaviita marumaru kwa mazoea tu. Tafuta marumaru ya jiwe.

---

KijikoChaShaba

Sawa. Nimeenda kwa mjomba, ana ngazi za mbele za jiwe jeupe, anasema lilitoka Morogoro miaka hiyo, anajisifu nalo kila mgeni akija. Nikasubiri kaingia ndani kuswali. Nikakwaruza kidogo na msumari, nikakamua. WAKUU LINAONGEA. Ukiweka sikio ni kama soda iliyofunguliwa mbali, tss tss tss, na vipovu vidogo vidogo vinapanda.

Tatizo nimefuta, pale palipokuwa panang'aa pamekuwa pamepauka, duara kabisa, ukubwa wa kikombe. Ametoka anauliza nani kamwaga nini kwenye ngazi yake.

---

BintiMakunduchi

Mwambie umekula roho ya jiwe.

---

KijikoChaShaba

Nimemwambia ni hewa ya kabla ya konokono. Ameniuliza nimekunywa nini. Mtoa mada naomba namba ya fundi wa kung'arisha, haraka.